Siku mimi na binti yangu tulipocheza gofu kando ya bahari

SAA moja na robo asubuhi, Jumatano moja ya mwezi wa Agosti, nilikuwa nimesimama mahali pa kuanzia mchezo katika uwanja wa gofu wa Mombasa, fimbo mkononi, magoti yakinitetemeka kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Mbele yangu kulikuwa na nyasi, mibuyu na upepo. Nyuma yangu walikuwa wanaume wanne waliokuwa wacheze baada yetu, nao walikuwa wamekunja mikono wakitutazama. Kando yangu alikuwa binti yangu wa miaka kumi na sita, ambaye hata fimbo hakuwa ameitoa mkobani.

"Mama," akaninong'oneza, "waache wapite kwanza. Sisi tutacheza baadaye."

Msomaji, ili uelewe kwa nini maneno hayo yalinichoma kuliko jua la Pwani, sharti nikurudishe nyuma miezi miwili.

Fimbo chini ya kitanda

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi jijini Nairobi. Gofu niliijua nikiwa na umri wa miaka thelathini na minane, wakati rafiki yangu mmoja aliponishawishi nimsindikize uwanjani Jumamosi moja. Nilidhani ni mchezo wa matajiri na wazee wenye vitambi. Nilipopiga mpira wa kwanza ukaruka juu ukaenda sawasawa, nilijua nimenaswa. Nilinunua nusu seti ya fimbo zilizokwisha kutumiwa na watu wawili kabla yangu. Binti yangu alianza kwa kunibebea mkoba akiwa darasa la sita. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa akiupiga mpira mbali kuliko mimi.

Mwezi wa Juni tulialikwa kucheza katika klabu moja ya bara ambayo sitaitaja jina. Tulikuwa tumeandikishwa kuanza saa mbili na dakika kumi. Ilipofika saa mbili, bwana mmoja alitujia, wala hakutusalimu.

"Akina mama siku yenu ni ya katikati ya juma," akasema. "Leo wanaume wana mechi."

Hakukuwa na mechi yoyote. Hata hivyo, tulisogea kando. Vikundi vinne vilipita mbele yetu, na karibu saa nzima tukawa tumesimama juani kama watu wanaongojea matatu. Zamu yetu ilipofika hatimaye, binti yangu alikosa mpira kwa sababu ya wasiwasi, na mtu mmoja kwenye benchi akasema kwa sauti kwamba mikono ile ingefaa zaidi kusonga ugali. Watu wakaangua kicheko.

Nami, mama yake, mwalimu wa watu, nilinyamaza.

Msichana hakulia. Alicheza mashimo yote bila kusema neno, na tulipofika nyumbani aliusukuma mkoba wake chini ya kitanda hadi ukutani. Siku ya tatu yake, tukiosha vyombo, aliniuliza, "Mama, mbona hukusema kitu?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sijalipata jibu la kunitosha.

Baba yake ndiye aliyetoa shauri. "Mpeleke mahali msikojulikana," akasema. "Mahali ambapo uwanja wenyewe ni mgeni kwenu, ili msiwe na la kuogopa ila uwanja." Dada yangu mkubwa ameolewa Mombasa na anaishi Ganjoni, si mbali na bahari. Tukakata shauri kwenda likizo ya Agosti.

Hodi kabla ya safari

Mgeni hapigi hodi akiwa tayari sebuleni. Wiki mbili kabla ya safari nilipiga simu klabuni, nikaeleza sisi ni nani, tunacheza wapi na tungependa kufika siku gani. Nilipewa saa ya kuanza na kuelezwa kanuni za mavazi: shati lenye kola, viatu visivyo na misumari ya chuma, na suruali za jeans ziachwe nyumbani. Klabu yetu ilituandikia barua fupi ya kututambulisha. Mambo haya ni madogo, lakini humwondolea mgeni nusu ya hofu. Mwanamke anayefika lango la klabu asiyoijua akiwa na jina lake limekwisha kuandikwa kitabuni huingia kichwa kikiwa juu.

Jambo la pili nililolitayarisha ni hesabu. Katika gofu kila mchezaji ana handikapu, yaani idadi ya mikwaju anayosamehewa kulingana na uwezo wake, ili mdhaifu aweze kushindana na hodari. Zamani nchi mbalimbali zilihesabu kwa njia zao. Tangu mwaka 2020 upo utaratibu mmoja wa dunia nzima. Mchezaji hubeba namba yake kama msafiri anavyobeba pasipoti, na namba hiyo hugeuzwa kulingana na ugumu wa uwanja anaoutembelea. Ugumu huo una kipimo chake, ambacho huanzia 55 hadi 155, na wa kadiri ni 113. Mwenye namba 24 akienda kwenye uwanja wa kadiri husamehewa mikwaju 24. Akienda kwenye uwanja wa kipimo cha 130, hiyo 24 huzidishwa kwa 130 na kugawanywa kwa 113, apate karibu 28. Kuna marekebisho mengine madogo, lakini hiyo ndiyo njia yenyewe. La kufurahisha ni kwamba uwanja hupimwa mbali kwa wanawake na mbali kwa wanaume. Kwa hivyo mwanamke hachezi kwa kuonewa huruma. Anacheza kwa hesabu.

Nilimweleza binti yangu haya yote tukiwa ndani ya gari moshi, tangu Syokimau hadi Miritini. Alikuwa akitazama ndovu wa Tsavo dirishani. Sikujua kama alinisikia.

Dada yangu alitupokea kwa vigelegele, lakini alipoiona mikoba alishika kiuno. "Ati mwaja kupiga mpira? Na hili jua? Watu wa Nairobi mna wazimu nyinyi!" Hata hivyo, alfajiri ya pili yake aliamka kabla yetu, akatuwekea mahamri na mbaazi za nazi mezani. "Kuleni mshibe," akasema. "Huko kwenu sijui, lakini hapa upepo humla mtu."

Sikujua wakati huo kwamba alikuwa amesema neno la maana kuliko yote niliyoyasoma vitabuni.

Mzee wa upepo

Uwanja wa gofu wa Mombasa uko upande wa kusini wa kisiwa, kando ya barabara ya Mama Ngina, mahali ambapo watu wa mji hupenda kwenda jioni kupunga hewa na kula mihogo ya kukaanga. Chini ya majabali ya matumbawe kuna Bahari ya Hindi, na meli kubwa zinazoingia Kilindini hupita karibu hata ukadhani utawasikia mabaharia wakizungumza. Klabu hii iliundwa mwaka 1911, miaka mitano tu baada ya ile ya kwanza ya Nairobi. Ina mashimo tisa. Anayetaka kucheza kumi na manane huzunguka mara mbili.

Siku hizo za mkoloni, Mwafrika aliingia katika viwanja vya namna hii akiwa amebeba mkoba wa mtu mwingine au akikata nyasi. Baada ya Uhuru milango ilifunguka polepole, lakini mingine ilifunguka kwa wanaume kwanza. Klabu kadhaa nchini ziliendelea na siku maalumu ya wanawake na baa ambazo mwanamke hakanyagi. Mwaka 2010 Katiba mpya ilisema waziwazi katika Kifungu cha 27 kwamba wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa sawa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi iliyoletwa na wanawake wanachama wa klabu moja ya gofu, ikasema kwamba kanuni zilizowatenga katika mambo ya klabu yao zilikuwa za ubaguzi. Sheria, basi, ipo. Lakini sheria haisimami nawe mahali pa kuanzia mchezo wakati watu wanne wamekunja mikono nyuma yako.

Aliyesimama nasi alikuwa kedi wetu, yaani mbebaji wa mikoba. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia iliyopauka na macho madogo makali.

"Shikamoo mzee," binti yangu akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hujambo?" Akanigeukia. "Karibu, mama. Nani aanza, wewe au huyu?"

Hapo ndipo binti yangu aliponinong'oneza yale maneno niliyokuambia, kwamba tuwaache wanaume wapite. Yule mzee alisikia. Hakunitazama mimi. Alimtazama yeye.

"Mwanangu, nyinyi mmeandikwa saa moja na robo, na sasa ni saa moja na robo. Zamu ni zamu. Hao nao wana yao, na hawana neno."

Nilitazama nyuma. Mmoja wa wale wanaume, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, aliinua mkono na kusema, "Chezeni, mama. Hatuna haraka."

Nilipiga. Ulikuwa mkwaju mbaya kama mbaya ulivyo. Mpira uliruka kidogo, upepo ukaupiga kofi, ukaangukia hatua sitini mbele yangu, kando kabisa ya njia. Nilingoja kicheko. Hakikuja. Mzee alisema tu, "Sasa mmejuana na upepo," akaanza kutembea.

Kisha akasimama, akageuka. Binti yangu alikuwa bado hajasogea. Kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama ibada ya Krismasi, alitazama nyasi. Halafu akaitoa fimbo, akapiga. Haukuwa mkwaju wa kuandikwa gazetini, lakini mpira ulikwenda, tena ulikwenda mbele.

Uwanja mgeni ni mwalimu

Jambo la kwanza nililofunzwa na uwanja ule ni kwamba nilichokijua hakikunifaa. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mpira hupenya na kwenda mbali. Mombasa hewa ni nzito, nao mpira huchoka mapema. Fimbo ambayo nyumbani hunifikisha kwenye bendera, hapa iliniacha njiani tena na tena. Nilihisi kama mpishi aliyepewa jiko la mtu mwingine. Hata nyasi ni nyingine. Zile za bara ni nene, hukumbata mpira na kuuinua. Hizi zilikuwa fupi na kavu, na mpira ulikaa chini kabisa.

La pili ni upepo. Tulikwenda wakati wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini takriban tangu Aprili hadi Septemba, ule ambao tangu jadi ulizirudisha jahazi kaskazini kuelekea Arabuni. Kuanzia Novemba huja kaskazi, nao huvuma kinyume chake. Mzee alituambia kwamba uwanja wake ni viwanja viwili. Ule wa kusi siwo ule wa kaskazi, na mchezaji aliyeufahamu mmoja huja akapotea katika mwingine.

Kwenye shimo moja njia ilinyooka huku bahari ikiwa upande wetu wa kulia, na upepo ukivuma kutoka huko huko. Nilichukua fimbo, nikalenga katikati kama mtu mwenye akili timamu.

"Lenga baharini, mama," mzee akasema.

Nilicheka. "Mzee, mpira huu niliununua kwa pesa zangu."

"Lenga baharini. Upepo utaurudisha."

Sikumwamini. Nililenga katikati, na upepo ukauchukua mpira wangu kushoto, hadi kwenye vichaka. Tuliutafuta kwa dakika tatu, ndio muda unaoruhusiwa tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2019, kwani zamani zilikuwa tano. Hatukuuona.

Zamu ya binti yangu ilipofika, alimtazama mzee, akatazama bahari, akatazama bendera. Meli moja nyekundu ilikuwa ikipita, imesheheni makontena. "Nilenge ile meli?" akauliza.

"Meli yatembea, mwanangu. Lenga ule mbuyu ulio pembeni."

Akaulenga mbuyu, ambao nyuma yake hapakuwa na kitu ila anga na maji. Mpira ulipaa ukielekea majini, moyo wangu ukasimama. Kisha, kana kwamba kuna mkono uliousukuma taratibu, ukaanza kurudi, ukarudi, ukatua katikati ya njia. Mtoto wangu aliruka juu akapiga kelele. Tangu Juni sikuwa nimeisikia sauti ile.

Tangu hapo hakuniuliza mimi kitu tena. Alimwuliza mzee. Grini hii yaelekea wapi? (Grini ni pale nyasi zinapokatwa zikawa kama zulia, ndipo lilipo shimo.) Kwa nini mpira umepinda na mimi naona pametambarare? Mzee alijibu kila swali, na pale asipojua alisema hajui. Nilitembea nyuma yao nikiwaza. Kuuliza si ujinga, twaambiwa, lakini mwanamke anapokuwa katika mahali pa wanaume huogopa kuuliza asije akaonekana hajui. Katika uwanja mgeni kila mtu hajui, hata bingwa. Pana uhuru mkubwa katika jambo hilo.

Wapishe, lakini wewe ndiye uwapishe

Tulipofika shimo la nne tulikuwa tumechelewa. Mpira wangu ulikuwa umeingia kwenye mchanga, na nilikuwa nimeupiga mara tatu bila kutoka. Wale wanaume wanne walikuwa nyuma yetu, wamesimama kwa subira. Hawakupiga kelele wala hawakutuma mpira karibu na miguu yetu, kama wafanyavyo wengine.

"Sasa, mama," mzee akasema, "waite wapite."

Binti yangu aligeuka kwa ghafla, uso umebadilika. Nilijua ameikumbuka Juni. Mzee naye aliona, ingawa hakujua habari ile.

"Si kwa sababu wao ni wanaume, mwanangu," akasema. "Ni kwa sababu wao ni wanne na wana mwendo, na sisi tumekwama mchangani. Kesho wewe ukiwa mwepesi na wao wazito, watakupisha wewe. Ndio adabu ya mchezo. Lakini wa mbele ndiye anayepisha. Wa nyuma hajipishi mwenyewe."

Nilimwambia binti yangu awaite yeye. Alisita kidogo, kisha akasimama mahali pa wazi, akainua mkono juu na kuupunga. Walikuja. Yule mwenye ndevu za mvi alivua kofia. "Asante sana, dada," akamwambia. Kisha akaongeza, "Nimekuona pale mbuyuni. Wengi wetu hatuthubutu." Wakapiga, wakapita, wakatuaga.

Msomaji, tendo lilikuwa moja. Juni tulisogea kando tukawapisha wanaume, na Agosti tukasogea kando tukawapisha wanaume. La kwanza lilimfanya mtoto afiche fimbo chini ya kitanda. La pili lilimfanya atembee kifua mbele. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza tuliondolewa, na mara ya pili tuliombwa na adabu ya mchezo, tukatoa kilicho chetu kwa hiari. Mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho. Ni lazima kwanza zamu iwe yako ndipo uweze kumpa mwenzako.

Tulipumzika chini ya mbuyu. Nilimsimulia mzee kwamba kilomita chache kaskazini, huko Vipingo katika Kaunti ya Kilifi, wanawake wa kulipwa kutoka nchi nyingi walikuja kushindania taji la Kenya. Mjerumani Esther Henseleit alilitwaa mwaka 2019 na tena mwaka 2022, kisha akapata medali ya fedha katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Mwaka 2023 alishinda Mhindi Aditi Ashok, na mwaka 2024 Shannon Tan wa Singapore, msichana wa miaka kumi na tisa tu. Hapa kwetu Rose Naliaka alikuwa mwanamke wa kwanza Mkenya kuingia katika gofu ya kulipwa, na baadaye akajitolea kuwafunza wasichana mchezo huu.

Mzee alisikiliza huku akifuta fimbo. "Mimi nimebeba mikoba tangu nikiwa kijana," akasema. "Nina mjukuu huko ng'ambo, Likoni. Umri wake ni kama wa huyu. Huniletea chakula hapa mara nyingine."

"Naye hucheza?" binti yangu akauliza.

Mzee alinyamaza. Kivuko kilikuwa kikivuka mbali, kimejaa watu. "Sijapata kumwuliza," akasema mwishowe. "Hata haikunijia."

Fimbo zatoka mvunguni

Mashimo tisa niliyamaliza kwa mikwaju 61, na mipira mitatu ikabaki Mombasa daima. Binti yangu alipiga 56. Shimo la mwisho alilimaliza kwa mikwaju mitano, wa mwisho ukiwa wa hatua nne kwenye grini, ambao mzee alimwambia aupige kuelekea ambako jicho lake lilikataa. Alimtii, mpira ukaingia. Tulipoagana nilimlipa mzee haki yake na kitu kidogo juu yake, kama ilivyo desturi. Binti yangu alimpa mipira miwili. "Ni ya mjukuu wako," akasema. "Mwulize kwanza kama ataitaka."

Kwa dada au mama anayesoma haya na angependa kujaribu, hii ndiyo nasaha yangu. Usingoje uwe hodari. Tafuta mwalimu katika uwanja ulio karibu nawe, azima fimbo kabla ya kununua, na kumbuka kwamba nusu seti yatosha kabisa, kwani kanuni zenyewe haziruhusu zaidi ya fimbo 14. Ukienda ugenini piga simu mapema na fika nusu saa kabla ya zamu yako. Chukua kedi mwenyeji, na ukishamchukua, msikilize. Beba mipira ya zamani, maji ya kunywa na kofia. Anzia mahali panapokufaa, wala usione haya kuanza mbele kwenye vijiti vyekundu. Ukichelewa, wapishe walio nyuma. Ukionewa, sema.

Hilo la mwisho ndilo nililokuwa sijalifanya.

Jumamosi ya pili baada ya kurudi Nairobi, niliamka nikaukuta mkoba wa binti yangu umesimama mlangoni, umefutwa vumbi. "Tunaenda wapi?" nikamwuliza, ingawa nilijua. Aliitaja ile klabu. Nilipiga simu, tukaandikishwa kuanza saa mbili na dakika ishirini.

Mahali pa kuanzia mchezo palikuwa pale pale, na benchi lile lile. Yule bwana wa Juni hakuwapo, lakini aliyekuja alikuwa ndugu yake kwa tabia. Alitazama saa yake, akatutazama sisi.

"Akina mama, wapisheni wanaume kwanza."

Nilihisi ulimi wangu ukikauka kama siku ile. Lakini safari hii niliufungua mdomo. "Habari za asubuhi, bwana," nikamwambia. "Hii ni zamu yetu. Jina letu liko kitabuni."

Alitaka kujibu. Kabla hajapata neno, binti yangu alikuwa ameinama, amekwisha kuuweka mpira wake juu ya kijiti.

"Tukichelewa tutawapisha," akamwambia kwa upole, bila kuinua kichwa. "Mimi mwenyewe nitawapungia mkono."

Kisha akapiga.